Mcheza kwao hutunzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu methali hii hutolewa kama onyo kwa mwenye kutamani viwanja vya ugenini: baki kwenu, ucheze mbele ya wanaokujua. Lakini ina upande wa pili, nao ni mzito zaidi. Inawakalifisha wenyeji. Achezaye kwao ana haki ya kutunzwa, na wasiomtunza hawana haki ya kustaajabu siku atakapofunga mizigo yake.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Asia, mchezaji wa mpira wa wavu. Alizaliwa Ufilipino mwaka 1996, akaitwa Alyja Daphne Santiago, na mashabiki wakamzoea kwa jina la Jaja. Mwaka 2024 alipata uraia wa Japani, na jina lake sasa ni Sachi Minowa.

Safari yake haikuwa ya mkato. Alianza kujulikana akiwa mwanafunzi wa National University mjini Manila. Urefu wake unakaribia mita 2, na kazi yake uwanjani ni ya katikati ya wavu: kuruka na kuwafungia njia wapigaji wa upande wa pili. Mwaka 2015 alikuwamo katika timu ya taifa iliyokwenda Singapore kwenye Michezo ya Asia ya Kusini Mashariki, na akaendelea kuitumikia bendera ya Ufilipino hadi michezo iliyofanyika Hanoi mwaka 2022.

Mwaka 2018 alikwenda Japani kuichezea Ageo Medics, timu ya taasisi ya hospitali katika mkoa wa Saitama. Mwaka 2021 timu hiyo ilitwaa Kombe la V. Mwaka huo huo alirejea nyumbani, akaiongoza Chery Tiggo kuchukua ubingwa wa ligi ya Ufilipino, na akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Baadaye alihamia JT Marvelous ya Japani, ambayo sasa huitwa Osaka Marvelous, nayo ikawa bingwa wa kwanza wa ligi mpya ya SV katika msimu wa 2024 na 2025. Mumewe, Taka Minowa, ni kocha wa Kijapani.

Sheria ya uraia ya Japani humtaka mgeni anayeomba uraia auache ule wa kwanza. Kwa hiyo mtu hapati huku pasipo kupoteza kule. Ndiyo maana habari zake ziliwagawa Wafilipino: wapo waliompongeza, na wapo walionung'unika kwamba binti yao amewapa mgongo. Sisi tunaona kuwa manung'uniko hayo yanafahamika, lakini yameelekezwa pasipostahili.

Hebu tuitazame historia. Mpira wa wavu ulibuniwa Marekani mwaka 1895, na uliingia Ufilipino mwaka 1910. Hazikupita nyingi, na mnamo mwaka 1916 Wafilipino wakaugeuza kabisa: mmoja anaupandisha mpira karibu na wavu, mwenzake anaruka na kuushindilia chini kwa nguvu zote. Pigo lile, ambalo leo ndilo roho ya mchezo huu duniani kote, ni zawadi ya Ufilipino kwa walimwengu.

Je, waliotoa zawadi hiyo waliitunzaje nyumbani kwao? Wanawake wa Ufilipino walitwaa medali ya dhahabu ya ukanda wao mwaka 1993, kisha Thailand ikautawala ubingwa huo. Baada ya mwaka 2005 timu yao haikuonekana katika michezo hiyo kwa miaka 10. Vipaji vilikuwapo, na mashabiki walikuwapo kwa maelfu. Kilichokosekana ni uongozi wenye kukaa na kukubaliana. Mwaka 2015 chama cha zamani kilipokonywa nafasi na chama kipya, na mwaka 2021 hicho nacho kikaachia kingine. Wakubwa waligombania viti, na vijana wakahesabu miaka.

Japani ilishika njia nyingine. Wanawake wake walioishinda Urusi ya Kisovieti kwa seti 3 kwa bila katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo, Nichibo, huko Kaizuka. Mchana walikuwa kazini. Jioni hadi usiku wa manane walikuwa mazoezini chini ya kocha Hirobumi Daimatsu, aliyesifika kwa ukali. Hatusemi ukali ule wote ulikuwa wa insafu. Tunasema kwamba kiwanda kilikubali kuwa mchezaji ni amana, apewe kazi, mahali pa kulala, mwalimu na uwanja. Mpaka leo timu kubwa za huko zimeegemea makampuni na taasisi, kama ile ya hospitali iliyompokea Santiago.

Basi binti wa nchi iliyolibuni pigo alikwenda kuishi katika nchi iliyojenga nyumba ya kulilea. Hapo hatuoni usaliti. Mchezaji ana miaka michache ya nguvu, na magoti yake hayangoji vikao vya viongozi vimalizike. Naye aliitumikia nchi yake kwa miaka kadhaa. Deni, kama lipo, haliko upande wake peke yake.

Hata hivyo, hasara ya Ufilipino ni ya kweli, wala haifutwi kwa makofi ya Osaka. Msichana mrefu anayeinukia leo katika vijiji vya Cavite anajifunza nini? Anajifunza kwamba daraja la juu liko ng'ambo. Fikra hiyo haiondolewi kwa kuwalaumu waliokwisha kwenda. Inaondolewa kwa chama kisichovunjika kila baada ya miaka michache, kwa makocha wanaolipwa kwa wakati, na kwa ratiba ya timu ya taifa inayojulikana kabla msimu haujaanza.

Nchi yoyote yenye vijana wenye vipaji haina budi kujihesabu kwa kipimo hicho. Anayetaka mtoto acheze kwao, na amtunze angali anacheza.