Mauzo si malipo: Jinsi ya kuunda kumbukumbu za duka dogo

KATIKA maduka ya leso ya Biashara Street, karibu na Mji wa Kale wa Mombasa, biashara nyingi hutegemea kuaminiana. Mteja wa siku nyingi huchukua mali leo, akalipa sehemu ya bei, na salio akaahidi kulileta baada ya Idd au arusi.

Desturi hiyo huvuta wateja, lakini pia imefilisi wengi. Mwenye duka huuza mchana kutwa, kisha akakosa pesa za kununua mzigo mwingine unaposhushwa katika bandari ya Kilindini.

Kuandika deni si jambo geni Pwani. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara huwaagiza Waislamu kuliandika deni lenye muda maalumu na kuweka mashahidi. Tatizo ni kwamba daftari nyingi huchanganya mauzo, malipo na madeni katika ukurasa mmoja.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuunda mfumo wa kumbukumbu hapaswi kuanza kwa kununua kompyuta. Aanze kwa kuorodhesha maswali ambayo mfumo utajibu: Nani anadaiwa, kiasi gani na tangu lini? Bidhaa ipi inatoka haraka? Pesa zilizopokewa leo ni ngapi?

Ili kuyajibu maswali hayo, orodha nne zinatosha: ya wateja, ya bidhaa, ya mauzo na ya malipo. Orodha mbili za mwisho ndizo roho ya mfumo, na hazifai kuunganishwa.

Kwa mfano, mteja huchukua jozi 20 za leso kwa Sh600 kila jozi, jumla Sh12,000, akalipa Sh5,000. Karani akiandika kwamba duka limepokea Sh12,000, jioni sanduku la pesa litapungua kwa Sh7,000 naye atashukiwa wizi. Akiandika mauzo ya Sh5,000 pekee, deni litatoweka.

Njia sahihi ni kuandika Sh12,000 katika mauzo na Sh5,000 katika malipo. Deni halihitaji kuandikwa kwa mkono, kwani ni tofauti ya orodha hizo mbili. Majedwali ya kompyuta kama vile Excel huikokotoa tofauti hiyo papo hapo.

Aidha, kila mteja apewe nambari yake. Katika mji wenye akina Fatma na Mohamed wengi, jina pekee halitoshi, na deni la mmoja laweza kuangukia mwingine. Nambari ya simu husaidia kumtambua mtu, lakini hubadilika.

Vipimo navyo visichanganywe. Anayenunua kwa korija, yaani ishirini, na kuuza kwa jozi, achague kipimo kimoja cha kuandikia. Kwa malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka wa 2007, nambari ya muamala iandikwe baada ya kuhakikisha pesa zimeingia, kwani ujumbe wa simu huweza kughushiwa.

Sheria pia inahusika. Tangu Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi katika hesabu za ushuru wa mapato bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Mteja ambaye naye ni mfanyabiashara ataidai ankara hiyo, hivyo orodha ya wateja iwe na nafasi ya PIN yake ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Kumbukumbu za ushuru hutakiwa kutunzwa kwa miaka 5.

Hali kadhalika, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahimiza kukusanya habari zinazohitajika tu. Muuza leso hana haja ya nambari ya kitambulisho ya kila mnunuzi, wala hapaswi kuanika orodha ya wadeni ukutani.

Mfumo ukiwa tayari, utumiwe sambamba na daftari la zamani kwa wiki kadhaa. Jumla zikitofautiana, kosa litafutwe siku hiyo hiyo. Nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya duka, kwa kuwa moto au mwizi hachagui.

Hata hivyo, hakuna programu itakayomsaidia mwenye duka anayengoja jioni ndipo akumbuke ya asubuhi. Mauzo huandikwa mteja angali mbele ya meza.