Asiye na Kazi Siye Anayepanda Ndege

Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wa Kenya katika hospitali za umma za Uingereza. Hoja iliyoubeba mkataba huo ilimwingia kila mtu akilini: huku kuna wauguzi waliohitimu wakakosa ajira, kule kuna wodi zisizo na watu wa kutosha, basi wasio na kazi waende wakazijaze. Neno lililotumika sana ni “ziada”, na hapo ndipo pa kuanzia. Muuguzi anayekaa nyumbani na leseni yake Kenya si ziada ya mahitaji ya wagonjwa. Wodi zinamhitaji, ila hakuna fungu la mshahara wake. Tangu huduma nyingi za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, wa kuajiri ni kaunti, na kaunti huajiri kwa kadiri ya bajeti, hata foleni ya wagonjwa iwe ndefu vipi. Hata tukilikubali neno hilo kama lilivyo, hoja bado ina kasoro kubwa zaidi: kwa sehemu kubwa soko la nje halimchukui yule asiye na kazi. Linamchukua aliyeko kazini, tena aliyebobea.

Sababu yake imo katika masharti yenyewe. Waajiri wengi wa nchi za Ghuba hudai uzoefu, mara nyingi wa miaka miwili, na hutilia shaka pengo refu la kutofanya kazi. Maana yake ni kwamba kadiri mhitimu anavyokaa bila ajira, ndivyo mlango unavyozidi kumfungia. Uingereza nayo humtaka mwombaji apite mtihani wa Kiingereza, ambao matokeo yake huisha muda, kisha mtihani wa nadharia wa kompyuta, na baada ya kufika huko, mtihani wa vitendo unaogharimu pauni 794. Huo wa mwisho waajiri wengi hulipa au hurejesha gharama. Ada za mwanzo, pamoja na gharama za kujiandaa na kurudia mtihani ukianguka, humtoka mwombaji mfukoni kabla hajaona mshahara hata mmoja. Aliye na mshahara anaweza kujinyima mwaka mzima akazilipa. Aliyehitimu miaka mitatu iliyopita na bado anategemea wazazi wake hawezi. Hivyo mchujo hukamilika hata kabla ya usaili: wanaobaki ni wauguzi wa chumba cha upasuaji, wa wagonjwa mahututi, wa kusafisha figo, wakunga waliozoea usiku wenye dharura tatu kwa mpigo.

Takwimu za miaka ya nyuma zinaelekea huko huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliotumia kumbukumbu za usajili wa wauguzi wapatao 41,000 wa Kenya, ulionyesha kwamba asilimia 6 walikuwa wameomba nyaraka za kwenda nje, hasa Marekani na Uingereza. Asilimia hiyo yaonekana ndogo mpaka uangalie ni akina nani: asilimia 85 ya waombaji walikuwa wale wa ngazi ya juu, wenye stashahada au shahada, ilhali vituo vingi vya vijijini viliendeshwa na wauguzi wa cheti. Kuomba nyaraka si kuondoka, na baadhi ya waombaji walibaki. Lakini maombi hayo yanaonyesha mlango umefunguliwa upande gani. Fikiria basi kinachohitajika kuziba nafasi moja katika chumba cha wagonjwa mahututi: stashahada ya miaka mitatu au zaidi, miaka kadhaa wodini, kisha mafunzo ya ziada ya ubobezi. Mhitimu mpya anaweza kuajiriwa kesho asubuhi, na bado nafasi ile itakuwa wazi kwa miaka. Pia atakosa wa kumfundisha, kwa kuwa aliyeondoka ndiye aliyekuwa akiwashika mkono wageni wa kazi. Hasara hii ya pili sijaona ikitajwa vya kutosha katika mjadala wetu.

Wapo watakaosema kwamba kumzuia muuguzi ni kumwonea. Nakubaliana nao kabisa. Kifungu cha 39 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kuondoka nchini, na mtu aliyegoma miezi mitano mwaka 2017 akidai malipo yake hawezi kuambiwa avumilie kwa ajili ya taifa. Hoja yangu haimgusi yeye. Inagusa serikali mbili zilizoketi mezani, kwa sababu mkataba wa serikali si uamuzi wa mtu binafsi, nao unaweza kuandikwa vizuri au vibaya. Wengine husema fedha zinazotumwa nyumbani hufidia hasara. Fedha hizo ni za kweli, zinasomesha watoto na kujenga nyumba, ila zinaingia katika familia ya aliyeondoka. Mama anayejifungua katika hospitali ya kaunti aliyoiacha muuguzi huyo haoni hata senti yake.

Kuna pia wanaotutajia Ufilipino, nchi ambayo kwa miongo mingi imesomesha wauguzi ikijua wengi watakwenda nje. Ni mfano mzuri, lakini wautazame wote. Wakati wa janga la korona, mwishoni mwa 2020, Ufilipino yenyewe iliweka ukomo wa wauguzi 5,000 wapya wa kuondoka kwa mwaka, kisha ikaupandisha hadi 6,500 mwaka 2021. Nchi yenye uzoefu mkubwa kuliko zote katika biashara hii iliona kwamba wingi wa wahitimu hautoshi kuzilinda wodi zake.

Kanuni za Shirika la Afya Duniani kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine zilipitishwa mwaka 2010, nazo ni za hiari. Orodha ya shirika hilo ya nchi zenye upungufu mkubwa kupita kiasi, zinazopaswa kulindwa dhidi ya waajiri wanaokuja kusaka watu, ilizitaja Tanzania na Uganda mwaka 2020, Kenya haikuwamo. Kwa Kenya, basi, ulinzi mkubwa ni yale inayoyaandika katika mikataba yake. Mkataba unaosema wanaokwenda ni wasio na ajira ungepaswa kudai hilo lithibitishwe kwa kila jina, na mwajiri wa nje awalipie mitihani wahitimu hao tangu hatua ya kwanza ili umaskini usiwachuje. Akimtaka muuguzi bingwa aliyeko kazini, alipie mafunzo ya atakayeshika nafasi yake, katika hospitali ile ile anayotoka, na malipo hayo yafike kabla tiketi ya ndege haijakatwa.