Kalamu za Wengi, Dhamana ya Kila Mmoja

Ni baada ya sala ya Magharibi. Mama anakagua kazi ya shule ya binti yake, na insha anayoisoma imenyooka kupita kiasi: sentensi ni ndefu, majina na miaka imepangwa bila kosa hata moja.

"Mwanangu, haya umeyaandika wewe?"

Binti anainamisha kichwa. "Nimeyatoa Wikipedia, mama."

"Na huko kayaandika nani?"

"Hayana mwenyewe. Yameandikwa na watu wote."

Mazungumzo ya namna hii si mageni katika nyumba zetu leo. Jibu la mtoto lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba yameandikwa na wengi. Lakini je, kilichoandikwa na wengi huwa hakina mwenyewe?

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Msingi wake ni kwamba msomaji naye aweza kuwa mwandishi. Mmoja huandika mistari mitatu kuhusu mji wake. Wa pili huongeza mwaka. Wa tatu hunyoosha tahajia. Wa nne huondoa dai lisilo na ushahidi. Kwa mujibu wa kanuni zake, hapana anayemiliki makala, hata yule aliyeianzisha. Baada ya miaka kadhaa, aghalabu huwa vigumu kwa mtu mmoja kusema kwamba ukurasa ule ni wake.

Aliyezoea kuona jina moja juu ya jalada la kitabu ataliona jambo hili kuwa la ajabu. Lakini sisi Waislamu tumelijua zamani. Tafsiri al-Jalalayn, kitabu mashuhuri katika madrasa, ni kazi ya kalamu mbili, na jina lake lenyewe lina maana ya Jalali wawili. Wa kwanza, Jalaluddin al-Mahalli, alifasiri kuanzia Suratul Kahf hadi mwisho wa Msahafu, kisha Suratul Fatiha, na mauti yakamfika mwaka 864 Hijria. Miaka sita baadaye Jalaluddin as-Suyuti, kijana wa miaka takriban 21, akaikamilisha kuanzia Suratul Baqara hadi Suratul Israi, kwa muda wa siku 40, akiufuata mtindo wa mtangulizi wake.

Tuitazame adabu ya kijana yule. Mwishoni mwa Suratul Israi ameeleza bayana kwamba hapo ndipo inapokoma sehemu yake, akamsifu aliyemtangulia, na akakiri kuwa amefaidika na kazi yake. Kisha akamwombea rehema msomaji ambaye, kwa jicho la uadilifu, ataona kosa na kumjulisha. Kwa hiyo kitabu ni kimoja na heshima ni ya wote wawili, ilhali mpaka wa dhamana ya kila mmoja unajulikana hadi leo. Kushirikiana katika kuandika hakukufuta wajibu wa yeyote kati yao.

Jambo ambalo wengi wa watoto wetu hawalijui ni kwamba Wikipedia nayo huhifadhi mpaka huo. Kila makala ina sehemu ya historia. Ukiifungua utaona kila badiliko lililofanywa: tarehe, saa, na jina alilojiandikisha nalo mhariri, au alama nyingine ikiwa hakujiandikisha. Neno lililofutwa miaka kumi iliyopita aghalabu laweza kuonekana, na aliyelifuta akaonekana pia. Basi si kweli kwamba maandishi yale hayana wenyewe. Wenyewe wapo, ila sisi hatuna mazoea ya kuwatafuta.

Hata hivyo, tusiivishe historia hiyo joho lisilo lake. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka kujua majina ya wapokezi. Waliuliza pia: Mtu huyu alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa thabiti? Alikutana kweli na yule anayedai kumsikia? Historia ya makala hutuonyesha mkono ulioandika, lakini haitwambii uadilifu wa mwenye mkono. Ndiyo maana mahali pengi chini ya makala huwekwa marejeo, na msomaji mwaminifu huyafuata.

Yaliyompata mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, yanatosha kuwa funzo. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika makala inayomhusu kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John F. Kennedy na nduguye Robert. Ulikuwa uongo mtupu, na ulibaki pale kwa takriban miezi minne. Aliyeuandika alipojulikana, alisema alikuwa akifanya mzaha, na akaomba radhi. Mkono ulioandika ulikuwa mmoja. Lakini vipi wale walioisoma makala ile katika miezi hiyo, wakatilia shaka, wakapita kimya? Na wale walioinakili bila kuuliza? Suratul Hujurat, katika aya ya sita, imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Sisemi kwamba kurekebisha ukurasa ni fardhi ya kisheria, lakini mfano wa fardhi kifaya unatusaidia kufahamu. Kazi ya wengi huharibika pale kila mmoja anapodhani kuwa mwenzake atatosha.

Turudi kwa yule mama na binti yake. Kosa la binti si kusoma Wikipedia. Hata kunakili kumeruhusiwa na leseni yake, kwa sharti la kuwataja waandishi na kuruhusu wengine kwa masharti yale yale. Kosa ni kuweka jina lake juu ya jasho la watu. Katika Surat Aal Imran, aya ya 188, Mwenyezi Mungu ameonya juu ya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Hilo mtoto wa miaka kumi na mbili analifahamu, akielezwa kwa upole.

Basi mama afungue historia ya makala pamoja na binti yake, wahesabu mikono iliyopita hapo. Wafuate rejeo moja, walinganishe. Kisha binti aandike upya kwa maneno yake, na aeleze alipoyapata. Masuala ya halali na haramu wayapeleke kwa wanazuoni wanaoaminika. Na akiona kosa kuhusu jambo analolijua kwa yakini, mathalani jina la mtaa wake lililoandikwa sivyo, mama amsaidie kulisahihisha. Nukta moja iliyowekwa mahali pake kwa nia njema ni sehemu ya elimu yenye manufaa, na tumefundishwa kuwa elimu hiyo ni miongoni mwa amali ambazo thawabu zake hazikatiki mja anapokufa.

Majina yetu huenda yasionekane na msomaji yeyote, lakini Malaika waandishi hawakosi kuandika ni mkono upi ulioweka neno lipi.

Wabillahi tawfiq.