Je, Wajua? Maafisa wa Manowari za Uingereza Zama za Napoleon

Vita vya Uingereza na Ufaransa vilivyoanza mwaka 1793 na kumalizika 1815 vilipiganwa sana baharini. Maafisa walioongoza manowari za Uingereza wanakumbukwa kwa mizinga, lakini kazi za baadhi yao zilidumu kuliko ushindi wenyewe, na nyingine zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba Admirali Nelson aliandaliwa jeneza akiwa hai? Mwaka 1798, kwenye vita vya mto Nile, meli kuu ya Wafaransa, L'Orient, ililipuka. Kapteni Benjamin Hallowell alichukua kipande cha mlingoti wake, akachongesha jeneza na kumpelekea Horatio Nelson kama zawadi. Nelson aliipokea, na ndimo alimozikwa baada ya kupigwa risasi kwenye vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Siku hiyo meli zake 27 zilikabiliana na 33 za Wafaransa na Wahispania, na Waingereza hawakupoteza hata moja.

Je, wajua kwamba aliyeshika uongozi baada ya Nelson hakurudi tena nyumbani? Cuthbert Collingwood aliondoka Uingereza mwaka 1803. Aliomba ruhusa ya kupumzika, lakini serikali haikuwa tayari kumwachia, akafia baharini mwaka 1810. Kabla ya hapo, alipokuwa likizoni, alitembea na mbegu za mwaloni mfukoni na kuzipanda, ili jeshi la majini lisije likakosa mbao.

Je, wajua kwamba watu 54 waliteka meli yenye watu 319? Ilikuwa Mei 1801. Thomas Cochrane aliongoza Speedy, meli ndogo yenye mizinga 14 ya risasi za ratili 4 tu. Mbele yake ilisimama El Gamo ya Hispania, yenye mizinga 32. Cochrane aliisogelea mpaka ubavu kwa ubavu, hata mizinga ya Wahispania, kwa kuwa ilikaa juu, ikawa inapiga matanga badala ya watu. Kisha akamwachia daktari usukani, na wengine wote wakaparamia meli ya adui. Katikati ya mapigano akaagiza bendera ya Hispania ishushwe. Mabaharia wa El Gamo walidhani wakubwa wao wamesalimu amri, wakaweka silaha chini. Baadaye Cochrane aliongoza majeshi ya majini ya Chile na Brazili yakipigania uhuru.

Je, wajua kwamba kipimo cha upepo kilianzia kwenye daftari la nahodha? Januari 1806, Francis Beaufort, aliyewahi kupata majeraha 19 katika shambulio moja, aliandika ngazi za upepo kuanzia shwari hadi tufani. Baadaye upepo ulipimwa kwa matanga ambayo meli ingeweza kuyabeba. Kipimo cha Beaufort kinatumika mpaka leo katika taarifa za hali ya hewa ya baharini.

Je, wajua asili ya jina Port Reitz, Mombasa? William Owen, aliyewahi kuwa mateka wa Wafaransa kisiwani Mauritius, alipima pwani za Afrika kati ya 1821 na 1826. Homa iliua zaidi ya nusu ya watu aliotoka nao. Februari 1824 aliingia Mombasa akakuta bendera ya Uingereza tayari inapepea Fort Jesus: Wamazrui, watawala wa mji huo, walitaka kinga dhidi ya Sayyid Said wa Omani. Owen alikubali, kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikome, bila kungoja idhini ya London. Alimwacha Luteni John Reitz asimamie mji, lakini homa ilimuua miezi michache baadaye. London ilikataa mpango huo, na bendera ikashushwa 1826.

Je, wajua kuhusu mkataba wa Moresby? Fairfax Moresby, aliyepigana vita dhidi ya Ufaransa tangu ujana, alipata saini ya Sayyid Said mwaka 1822. Mkataba ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa, lakini biashara kati ya Unguja na Omani ikaendelea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, chini ya Sultani Barghash. Nusu karne nzima ilipita, na katika miaka hiyo maelfu kwa maelfu ya watu waliuzwa. Moresby, aliyefariki 1877, aliishi hadi kuona kazi aliyoianza nusu ikikamilishwa.