Ukali wa Pilipili Hupimwaje?

Mtu wa Pemba akiagiza pilipili hoho kwa rafiki yake aliyeko Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, huenda akaletewa zisizowasha hata kidogo. Hakudanganywa. Huku visiwani hoho ni pilipili kali. Kule bara jina hilo ni la zile kubwa tuziitazo pilipili boga. Basi jina halitoshi kumwambia mnunuzi anunuacho.

Ulimi nao hautoshi. Mvuvi wa Matema aliyezoea kula usipa kwa pilipili ataziona si kali, na mgeni wake atatokwa machozi kwa hizo hizo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1912 mtaalamu wa dawa wa Marekani, Bwana Wilbur Scoville, alitafuta kipimo. Alisaga pilipili kavu, akaziroweka katika spiriti usiku kucha, akachuja. Kisha aliongeza maji ya sukari kidogo kidogo, mpaka ukali ukawa hausikiki ulimini ila kwa shida. Yahitajipo maji mara 50,000, ukali huandikwa 50,000. Pilipili boga ni sufuri. Pilipili kichaa hufika baina ya 50,000 na 100,000.

Siku hizi mashine hupima kapsaisini, yaani kile kiwashacho, ambacho hukaa zaidi katika utando mweupe ulioshika mbegu. Sehemu moja ya kapsaisini katika sehemu milioni za pilipili kavu huhesabiwa 16. Kapsaisini tupu ni 16,000,000.

Yatufaa nini haya? Mbegu moja ikipandwa Kyela penye mvua nyingi, na ikipandwa Pemba, ukali waweza kutofautiana, kwani jua, maji na udongo huubadilisha. Katika karafuu, mnunuzi hutazama unyevu, makonyo na mpeta, nasi twajua asemalo. Katika pilipili, mnunuzi wa ng'ambo huja na namba, na mkulima ana ulimi wake tu. Mwenye namba ndiye atajaye bei.

Basi mwanachama apandaye pilipili kando ya mikarafuu asichanganye mbegu mbalimbali. Azianike mpaka zikauke sawasawa, atoe kidogo katika kila gunia kwa ajili ya kupimwa, na adai namba ile kwa maandishi kabla ya kukubali bei.