Kuziokoa Kumbukumbu za Utafiti Wakati wa Maafa

Uyole, mashariki ya mji wa Mbeya, pana kituo cha utafiti wa kilimo kilichotoa aina kadhaa za maharage, zikiwamo Uyole 84 na Uyole 96. Mbegu ya namna hiyo haipatikani kwa siku moja. Mimea huzalishwa, huchaguliwa na kupandwa tena msimu baada ya msimu, na kila mara mtafiti huandika daftarini tarehe ya kupanda, kiasi cha mvua, magonjwa yaliyoonekana na uzito wa mavuno. Meza ikiungua hununuliwa nyingine. Daftari likiungua, shamba laweza kulimwa upya, lakini mvua ya mwaka uliopita hainyeshi tena.

Maafa si lazima yawe makubwa. Paa linalovuja usiku mmoja wa Machi latosha. Hali kadhalika mchwa, hitilafu ya umeme, au kompyuta iliyoharibika. Moto nao haubagui: mnamo Septemba 2020 uliunguza paa na ghorofa za juu za Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, zikiwamo ofisi za fedha.

Kwa hiyo mpango wa kujihadhari huanza na swali moja: ni kumbukumbu zipi ambazo hazipo penginepo? Waraka wa wizara una nakala katika ofisi nyingi. Daftari la shamba halina hata moja. Hilo ndilo la kunakiliwa kwanza, na ndilo la kutolewa kwanza jengo linapowaka. Nakala iliyowekwa katika kabati la pili la chumba kile kile si kinga, kwani huungua pamoja na asili yake. Ya Uyole yafaa ikae Iringa au Dodoma.

Faida ya umbali huo ilionekana katika mbegu zenyewe. Kituo cha kimataifa cha ICARDA kilikuwa na hazina yake karibu na Aleppo, Syria, na kilikuwa kimepeleka nakala za mbegu hizo katika ghala la Svalbard, Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008. Vita vilipokizuia kuitumia hazina ya Aleppo, mwaka 2015 kilichukua mbegu zake kutoka Svalbard na kuzipanda upya Lebanoni na Moroko.

Palipo na moto huja pia maji ya wazima moto. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu katika muda wa siku mbili au tatu. Baridi ya Mbeya huuchelewesha, haiuzuii. Mahali penye mashine kubwa ya kugandisha, karatasi hugandishwa zikisubiri kukaushwa. Pasipo nayo, hutandazwa kivulini penye upepo, na karatasi kavu za kunyonya maji hupachikwa kati ya kurasa na kubadilishwa mara kwa mara. Jua kali hukunja karatasi na kufifisha wino. Kurasa zilizogandamana zisibanduliwe kwa nguvu.

Mpango wenyewe usiwe ndani ya jengo hilo tu, nao ujaribiwe: nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama inasomeka. Tena chombo cha kuandikia kina uzito wake. Wino wa kalamu ya kujaza huyeyuka majini, ilhali alama ya kalamu ya risasi, ambayo ni kaboni, haiyeyuki.