Nani Kashika Taa?

Usiku wa manane, katika uchochoro usio na taa, mlinzi anakumulika tochi usoni. "We nani? Unatoka wapi?" Unafinya macho, unainua kiganja kujikinga. Mwanga umekujaa tele, lakini huoni kitu. Aliyesimama gizani anakuona mpaka vifungo vya shati. Wewe hujui hata kama amevaa sare. Ukiikumbuka hali hiyo, umeshaelewa nusu ya kazi ya nuru na giza katika riwaya za distopia, yaani zile zinazosawiri jamii iliyopangwa kwa ustadi mpaka ikawa jehanamu.

Tumezoea hesabu nyepesi: nuru ni wema, giza ni uovu. Elimu tunaiita mwanga, ujinga tunauita kiza. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Lakini msomaji anayeingia na hesabu hiyo katika distopia atapotea njia mapema, kwa sababu watawala wa riwaya hizo nao wanaijua, na ndiyo wanayomtegea mtu.

Chukua 1984 ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu mwandishi huyu kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Katika 1984, mhusika mkuu, Winston Smith, aliwahi kuota anapita katika chumba chenye giza totoro, na sauti ikamwambia kuwa watakutana mahali pasipo na giza. Baadaye akaamini kuwa sauti ile ilikuwa ya O'Brien, mkubwa mmoja wa Chama kinachotawala. Miaka inapita akiibeba ahadi hiyo kama hirizi. Anaifasiri kwa hesabu yetu ileile: pasipo na giza ni kesho iliyo huru.

Ahadi inatimia. Winston anakamatwa na kupelekwa Wizara ya Upendo, jengo lisilo na dirisha hata moja, ambalo kazi yake ni kutesa. Kuta za selo yake ni nyeupe na zinang'aa, taa zimefichwa, na mwanga wa baridi unamwagika bila kukoma. Hajui kama nje ni usiku au mchana. Hapo ndipo anapong'amua kwamba mahali pasipo na giza ni mahali ambapo taa hazizimwi kamwe. Maneno ya ndotoni yamekuwa kweli, herufi kwa herufi. Hicho ndicho kinaya kikali cha Orwell: mtu anaweza kuangamizwa kwa ahadi iliyotimizwa.

Kwa nini mwanga uwe adhabu? Kwa sababu gizani ndiko tunakolala, tunakolia bila kuulizwa, na tunakowaza jambo kabla halijaiva. Ukimnyima mtu giza umemnyima usingizi na faragha kwa mkupuo mmoja. Nyumbani kwa Winston kuna runinga inayomtazama anayeitazama, na yeye huandika shajara yake katika kijikona ambacho jicho la runinga halikifikii. Kijikona hicho ndiyo nchi yake yote. Anapokwenda nyumbani kwa O'Brien anashuhudia ajabu moja: mwenyeji anabonyeza swichi na runinga inazimika. Julia, mpenzi wa Winston, anashindwa kuuficha mshangao wake. Raia wa kawaida hana ruhusa hiyo. Cheo, katika nchi ile, ni uwezo wa kuzima.

Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa ameshaifungua njia hiyo katika We, riwaya ambayo Orwell aliiandikia uhakiki mwaka 1946. Raia wa Zamyatin wana herufi na namba mahali pa majina, na majumba yao ni ya kioo kitupu. Jirani anamwona jirani akila na akivua viatu. Pazia hushushwa kwa kibali tu, katika saa zilizotengwa kwa mapenzi. Si ajabu basi kwamba uasi unapata maficho katika Nyumba ya Kale, ambayo kuta zake haziruhusu jicho kupenya.

Ray Bradbury naye, katika Fahrenheit 451 ya mwaka 1953, alichagua moto. Montag ni zimamoto ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu. Baadaye, akiwa mtoro, anaona moto kwa mbali msituni na kushtuka: watu wameuzunguka, wameunyooshea mikono, wanaota. Maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba moto unaweza pia kutoa. Mkaa ni uleule na ndimi ni zilezile. Tofauti ni wale walioukoka.

Kiswahili chenyewe kinatupa tahadhari. Mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi wa usiku, mmoja wa wale wanga. Wanaisimu watasema ni maneno mawili yaliyogongana sauti tu, na iwe hivyo. Msomaji wa distopia aendelee kuyasikia yote mawili kwa pamoja. Kila anapokutana na taa katika riwaya, aulize: nani anamulika, nani anamulikwa, na huyu anayemulikwa anaweza kuizima?

Winston hakuuliza. Katika duka la vitu vya kale, mzee mpole aitwaye Charrington aliwasha taa, akapanda ngazi taratibu, akaiinua juu ili mgeni wake akione chumba cha ghorofani. Mwanga ulikuwa hafifu, wenye joto, na chumba kikavutia. Hakikuonekana kuwa na runinga. Winston akakikodi, akampeleka Julia humo, wakajiona wamepata kivuli chao. Runinga ilikuwa nyuma ya picha ukutani, na mzee alikuwa Polisi wa Fikra. Usiku ule wa kwanza Winston alikikagua chumba chote, kitanda hadi picha. Mkono ulioshika taa hakuutazama.